Kiti cha Nyuma cha Meneja

Bweni la chuo cha ukunga
3 Machi

Mdogo wangu Kamusi,

Habari za huko? Mimi mzima, ila miguu inalalamika. Jana tulizalisha watatu, na yule wa mwisho alitanguliza makalio. Mkufunzi alimshika mwenyewe, sisi wanafunzi tumebana pumzi utadhani ndio tunaozaa.

Shemeji yako ameniandikia. Barua nzima ni mistari minne na yote ni ya kiti. Anasema amemaliza kukichomelea nyuma ya baiskeli yake, kina mgongo, kina pa kuwekea miguu, kina mkanda wa mabegani. Anauliza neno moja tu: lini? Zamani Jumapili tulikuwa tunaendesha watatu mpaka bwawani, mimi, yeye na wewe. Anataka mwe watatu tena, na nafasi yangu aikalie mwanangu Meneja mpaka nitakaporudi. Nilicheka, kisha nikaona uchungu. Sikujua kama nafasi yangu ina mtu anayeipigia hesabu.

Nimemuuliza mkufunzi. Anasema umri peke yake hautoshi. Mwaka mmoja ndio mwanzo, lakini mtoto awe anakaa mwenyewe, tena sawasawa, na shingo iwe imekomaa kiasi cha kubeba kofia ngumu barabara inaporusharusha. Mwaka anautimiza tarehe 20. Kukaa ndiko nisikokujua.

Mnaniandikia meno, mnaniandikia alivyomtapikia Bibi shingoni, lakini kukaa hamniandikii. Hapa kliniki napima watoto wa watu. Wa miezi minane anakaa, anageuka, ananinyang'anya kalamu. Wangu ana kumi na moja na nusu. Huyo Bibi, mama mkwe wangu, alikutuma uniandikie kwamba mtoto mzito huchelewa. Je, amechelewa au hajaanza?

Wewe ndiye msomaji wa nyumba, basi nakupa kazi ya kusoma. Mkalishe sakafuni, mbali na ukuta, bila mto, bila mkono wa mtu. Fungua kitabu chako umsomee kurasa mbili kwa sauti. Ukifika mwisho na bado amekaa, basi amekaa.

Uniambie ukweli. Kama hakai, nafunga begi siku hiyohiyo. Najua nilishaacha chuo mara moja kwa ajili ya mimba yake, na mkuu wa chuo alinieleza wazi kwamba anayeondoka mara mbili harudi tena. Najua mtihani wa mwisho ni tarehe 21 Aprili. Lakini siwezi kuwa mkunga wa watoto wa wengine huku wangu analegea nyumbani.

Dada yako


Nyumbani
8 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma shuleni wakati wa mapumziko, nyuma ya maktaba, kwa sababu nilijua nikiisomea nyumbani Bibi ataniangalia usoni na kujua kilichoandikwa kabla sijafika mwisho.

Kazi uliyonipa niliifanya jana mchana. Kwanza nilichukua kitabu cha jiografia, sura ya mito, ambacho herufi zake ni kubwa na nusu ya ukurasa ni picha. Kisha nikaona hiyo ni hila, nikakirudisha na kuchukua kitabu cha hadithi chenye herufi ndogo. Nilisoma polepole. Shemeji alikuja kutoka karakana, mikono yote grisi, akasimama mlangoni kusikiliza. Akauliza, "Huyo mwizi wa kwenye kitabu anakamatwa?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi msimalize bila mimi."

Mpaka mstari wa mwisho Meneja alikuwa amekaa, mikono juu ya tumbo, ananitazama kama bosi anayesubiri kuletewa faili. Kurasa mbili kamili, Dada.

Kwa hiyo usifunge begi. Bibi anakusalimu na anasema kila mtoto ana kalenda yake. Kiti ni kizuri mno. Shemeji amekipaka rangi ya bluu na kukishonea godoro dogo. Wateja wakija kuziba pancha wanakiulizia bei, naye anawajibu kwamba mwenye kiti ni mtu mkubwa.

Soma kwa bidii. Usituwaze sana.

Mdogo wako,
Kamusi


Bweni
13 Machi

Kamusi wangu,

Nimeipokea. Nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nimemsomea mwenzangu wa kitanda cha juu, akasema nimeanza kuwachosha watu na mwanangu. Kurasa mbili! Jana nililala kama gogo.

Mwambie shemeji yako mkunga amesema ndiyo. Jumapili ya kwanza baada ya kutimiza mwaka, yaani tarehe 22. Lakini masharti ni haya, na umsomee kwa sauti ile ya darasani. Kofia avae, tena inayomtosha. Mkanda ufungwe mabegani na kiunoni. Nusu saa tu, siyo mpaka bwawani. Wewe uwe nyuma yake muda wote, kwa sababu mtoto akiwa kiti cha nyuma, anayeendesha hamwoni. Wewe ndiye macho.

Sasa naweza kusoma. Nilikuwa nafungua daftari naona shingo tu.

Dada yako


Karakana
23 Machi

Mke wangu,

Kuandika si kazi yangu, unajua, mimi nimezoea spana. Nakuandikia kwa kuwa najua utakuwa umekaa unasubiri habari za jana.

Tulitoka, tulirudi. Mtoto mzima, amekula, amelala. Kiti hakikutoa hata mlio. Ila barabara kule mbele imechimbika na mvua, kwa hiyo nimeona tuahirishe safari nyingine mpaka waizibe. Na hao jamaa wa barabara unawajua, labda mpaka umalize chuo. Hakuna haraka.

Mwandiko ukiuona mbaya kuliko kawaida ni kidole, nimejikata kidogo na kisu.

Usiwe na wasiwasi wowote. Soma ushinde.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani
24 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua Shemeji amekuandikia jana. Aliniomba nisiandike wiki hii. Ni mara ya kwanza namkatalia kitu, na hata sijamwambia kwamba nimemkatalia.

Siku ile ya kurasa mbili nilianza kama ulivyosema, sakafuni, mbali na ukuta. Sikumaliza sentensi ya kwanza. Alianguka upande. Nikamkalisha tena, akaanguka mbele, akabaki amelalia magoti yake bila hata kujaribu kuinuka. Nilirudia mara sita. Bibi akasema, "Unamtesa mtoto na vitabu vyako," akaleta beseni la kufulia, akalizungushia nguo ndani, akamtia humo kama yai. Humo ndimo alimokaa kurasa mbili. Kila neno nililokuandikia ni la kweli, Dada, hilo ndilo linaloniumiza. Niliacha beseni tu.

Uliandika kwamba utafunga begi. Nilikumbuka mara ya kwanza ulivyorudi kutoka chuo, ulivyoyakunja yale magauni meupe na kuyaweka chini kabisa ya sanduku, na hukuongea siku mbili. Niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayeyarudisha tena chini ya sanduku. Nikajiambia atakaa tu, wiki moja mbili, na uongo utakuwa umegeuka kweli kabla hujaujua.

Kisha ruhusa yako ikaja. Shemeji aliibandika ukutani karakana. Kila mteja alisomewa. Wiki nzima nilitaka kumwambia. Jumatano nilifika mpaka mlango wa karakana nikiwa nimeyapanga maneno, akaniwahi, "Kamusi, njoo uone, nimepata kofia." Nikaiona kofia. Nikasema ni nzuri. Nikarudi ndani.

Jumapili tukatoka. Kofia ilikuwa kubwa kidogo, akaijazia kitambaa kwa nyuma. Kwenye lami Meneja alikuwa sawa, anatoa zile sauti zake. Mimi nilikuwa nyuma kama ulivyoagiza. Tulipofika pale lami inapoishia, barabara ikaanza kurusharusha, na nikaona shingo inainama. Kofia ikamvuta mbele. Kila tulipopita kijishimo kichwa kilishuka zaidi, mpaka kidevu kikagusa kifua na kofia ikamfunika macho. Zile sauti zikakatika.

Nikapiga kengele.

Unaujua mchezo wetu wa kengele. Mmoja akipiga, mwingine anajibu, maana yake tupo pamoja. Shemeji akajibu. Nikapiga tena, mara mbili, mara tatu. Akajibu mara tatu, na nikamwona mabega yanacheka. Alidhani nimefurahi. Dada, mimi nilijaribu kuita na sauti haikutoka. Unanijua, hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua najibu chini chini. Nilikanyaga pedali nikampita, nikaitupa baiskeli yangu mbele yake barabarani, ndipo nikapiga ukelele. Nilisema, "Simama." Nadhani niliendelea kulisema hata baada ya yeye kusimama.

Alikuwa hajafungua macho. Rangi ya midomo sikuipenda. Pumzi ilikuwa inapita kwa shida, inakwaruza, kama pampu yenye uchafu. Kifungo cha mkanda kilimkataa Shemeji, akatoa kisu akaukata mkanda. Hapo ndipo alipojikata. Tulipomwinua kichwa tu, Meneja alivuta pumzi ndefu, kisha akalia. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile kilio.

Tukakaa pembeni ya barabara, Shemeji amempakata, damu ya kidole inadondokea suruali. Nikamweleza habari za beseni. Alilijua beseni, alimwona mtoto humo siku ile. Alichokuwa hajui ni kwamba wewe hulijui. Akasema, "Kumbe ruhusa tuliyopewa ilikuwa ya beseni." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akaongeza, "Dada yako ana mtihani. Tusimwambie." Nikaitika kwa kichwa.

Bado hakai, Dada. Ana mwaka na siku nne na hakai.

Kamusi


Bweni
30 Machi

Kamusi,

Barua zenu zimefika pamoja. Ya shemeji yako ilikuwa juu, yako chini. Kwa dakika tano nilikuwa na mtoto aliyepanda baiskeli.

Nilipomaliza yako nilikuwa kwenye ngazi za wodi na zamu ilikuwa inaanza. Nimeikunja nikaitia mfukoni, nikaingia, nikazalisha. Sijui nilifanyaje. Mama wa mtoto alinishukuru na nikashindwa kumtazama.

Nimekukasirikia. Sitaki kukuficha, kwa kuwa tumeshafichana vya kutosha. Nilikasirika mpaka nikaandika barua nyingine kabla ya hii, nikaichana. Nilikwambia uniambie ukweli, ukanipa nusu yake iliyopambwa. Ungeniandikia neno "beseni" tu, mwanangu asingekuwa kwenye kile kiti siku ile.

Sasa sikiliza na langu. Hapa tunafundishwa jambo moja kila siku. Mama akikwambia mtoto anakula vizuri, usiandike "anakula vizuri". Muulize swali la pili. Anakula nini? Mara ngapi? Mkufunzi anasema mkunga asiyeuliza swali la pili ni karani. Mimi barua yako niliisoma mara tatu. Uliandika "alikuwa amekaa". Hukuandika "mwenyewe". Hukuandika "bila mto". Wewe, ambaye ukieleza ulivyonunua penseli unataja mpaka rangi. Niliona, Kamusi. Mara ya kwanza tu niliona. Nilishika kalamu nikuulize, nikaiweka chini na nikachagua kufurahi, kwa sababu nilitaka kubaki. Kisha nikatoa ruhusa.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Wewe ni mtoto wa shule na nilikupa mzigo wa mtu mzima, halafu nikaufungia na tishio la begi.

Fanya hivi. Mpelekeni kliniki, siyo baada ya Bibi kuikagua kalenda yake, wiki hii. Mwambie muuguzi kila kitu, na beseni, na barabara. Wewe ndiye useme, hata ukisema chini chini. Kisha uniandikie. Usinianzie na mazuri, wala salamu. Anza na lile ambalo hutaki nilione.

Nimemwandikia shemeji yako pia. Yake ni fupi.

Dada yako


Nyumbani
9 Aprili

Dada,

Lile nisilotaka ulione ni hili: daktari wa misuli na mishipa ya fahamu ya watoto anakuja hospitali kubwa mara moja kila miezi mitatu, na safari hii ni Jumanne tarehe 21 Aprili, siku ileile ya mtihani wako. Muuguzi ameandika kwenye karatasi "aje na mama".

Sasa nieleze vizuri. Tulikwenda Jumatatu, mimi na Shemeji. Benchi lilikuwa limejaa akina mama na yeye ndiye mwanamume peke yake, akawa anakaa huku amekunja magoti kama aliyeazima kiti. Zamu yetu ilipofika muuguzi alimuuliza yeye, na yeye akanitazama mimi. Nikasema. Nilianza na beseni. Nilisema chini chini, muuguzi akaniambia, "Binti, mimi si ukuta, paza sauti." Nikarudia kwa sauti na benchi zima likasikia, na sikufa.

Alimshika Meneja kwapani akamwinua. Mikono ilipanda juu kama shati linalovuliwa na akataka kumponyoka. Akamlaza kifudifudi, akamsubiri ainue kichwa. Alikiinua, kidogo. Hakusema ni ugonjwa gani, alisema si kazi yake kubahatisha. Alisema misuli imelegea kuliko inavyofaa, na si uzito. Kisha akaanza maswali. Alipozaliwa alilia hapohapo au alichelewa? Uchungu ulichukua muda gani? Tumboni alikuwa anacheza? Siku hiyo ya kuzaliwa Shemeji alikuwa nje ukumbini. Bibi hakuwepo. Mimi nilikuwa shule. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo wakati mwanao anazaliwa, isipokuwa wewe. Akasema daktari atauliza hayo na mengine zaidi, na kwamba kuna mazoezi atakayomwonyesha mama kwa mikono.

Nilimuuliza kuhusu baiskeli, kwa sababu niliona Shemeji hawezi kuuliza. Akasema hawezi kutaja mwezi. Alisema, "Akianza kukaa mwenyewe, njooni mniulize tena. Kabla ya hapo msiniulize." Shemeji akasema asante. Alipofika nyumbani alikifungua kile kiti, nati moja moja, akazitia kwenye kopo.

Jumapili, siku moja kabla ya kliniki, tulitoka kwa miguu. Shemeji hajui kutembea, Dada. Anatembea kama mtu aliyeibiwa kitu, mikono inatafuta usukani. Meneja alikuwa kifuani kwake, kichwa amekiegemeza. Muuza magazeti akamtania, "Fundi, leo baiskeli imekufa?" Akamjibu, "Haijafa, mwenyewe ndiye bado hajafika." Tukafika mpaka lami inapoishia tukageuka.

Kuhusu tarehe 21. Shemeji anasema nisikwambie. Anasema atampeleka yeye na atajibu atakavyoweza, na daktari akirudi baada ya miezi mitatu ndipo uende wewe, ukiwa na cheti. Si mtu mbaya, Dada, jana nilimkuta karakana ameinama juu ya gurudumu ambalo halina kasoro. Nilidhani Bibi atamuunga mkono. Bibi alikuwa anamkanda Meneja miguu. Akasema bila kuinua uso, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha kwenye beseni. Mwandikie."

Sitakwambia uje wala ubaki. Nilishakuamulia mara moja.

Leo asubuhi nilimkalisha sakafuni, mbali na ukuta, bila mto. Nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne alianguka kushoto, nikamdaka. Nilirudia. Mara ya pili hakufika tatu.

Mdogo wako,
Kamusi


Bweni
14 Aprili

Mdogo wangu,

Nitafika Jumapili tarehe 19, jioni. Nipokee stendi, wewe na shemeji yako, na mtoto mje naye.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo na karatasi ya muuguzi. Aliisoma, akanikumbusha aliyoniambia mwanzo, kwamba anayeondoka mara mbili harudi. Nikamwambia nakumbuka. Akanyoosha mkono nikampa kitambulisho. Hakukichana, alikitia kwenye droo. Sijui maana yake na sikuuliza swali la pili. Magauni meupe nimeyafua. Yatakwenda ndani ya begi, tutaona huko yatakaa wapi.

Maswali ya daktari nayajua majibu yake. Alichelewa kulia. Nilihesabu mwenyewe pale kitandani mpaka alipolia, na idadi ile sijamwambia mtu yeyote mpaka leo, hata mkufunzi wangu, hata baba yake. Tarehe 21 nitaisema.

Mwambie shemeji yako sina hasira naye tena, iliyobaki nitaimalizia stendi. Mwambie Mama mkwe nimemwelewa.

Na wewe usimfanyishe mazoezi siku hizi chache ili nimkute ameendelea. Usimwekee mto wala nguo nzuri. Nataka nimkute alivyo.

Dada yako